Moselantja na Theluji ya Septemba

Jina lake maana yake ni mkia wa mbwa. Kabla yake mama yake alikuwa amezika watoto watatu, na wa nne alipozaliwa akiwa mzima, bibi yake akasema huyu tusimpe jina zuri, kifo kisije kikamtamani. Wakamwita Moselantja. Kifo kilipita mlangoni, kikasikia wanaita mkia wa mbwa, kikaenda zake. Ndivyo tunavyofanya kwetu Lesotho, na mara nyingine inasaidia.

Baba yake alikuwa kwenye migodi ya dhahabu ng'ambo ya mpaka, anaonekana Krismasi na Pasaka tu. Nyumbani kulikuwa na kondoo arobaini na hakuna mtoto wa kiume. Basi msichana akavaa buti za mpira, akajifunga blanketi, akapanda milimani kuchunga, kazi ya wavulana. Wavulana walimtania. "We mkia wa mbwa, mbwa wako yuko wapi?" Naye alijibu, "Ndio ninyi hapa, nawaburuta." Najua, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao.

Alipokua aliolewa na Rantsane, mwanamume mpole wa kijijini kwetu Ha Lepolesa, aliyekuwa na farasi wanne na kazi ya kuwaongoza wageni wanaokuja kuizunguka milima yetu. Kwa miaka kumi na miwili walifanya kazi hiyo pamoja. Yeye alitandika farasi, mume akazungumza na wageni. Baadaye mapafu ya Rantsane, yaliyokuwa yamebeba vumbi la mgodi tangu ujana, yalianza kumshinda, na kazi ya kuzungumza ikamhamia mke. Rantsane alikufa mwezi wa Mei. Moselantja akavaa thapo, yaani nguo nyeusi za matanga ambazo mjane hazivui mpaka ukoo umpangie siku.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mjane wa thapo kwetu hatembei ovyo. Jua likizama awe ndani, na zizi la mifugo haliingii kabisa, maana watu wanasema ng'ombe na kondoo watatupa mimba. Lakini Moselantja alikuwa na mabinti wawili shuleni Maseru, na wageni wa majira ya kuchipua walikuwa wameshaanza kuuliza habari za farasi. Mwezi wa Agosti akatandika, akaondoka nao.

Mwenyekiti wa chama chetu cha waongozaji, Ntate Lebusa, yaani Baba Lebusa kwa heshima, aliitisha kikao. Mimi ni mwandishi wa chama hicho, kila neno nililiandika mwenyewe.

"Sina ugomvi na 'M'e Moselantja," alisema Ntate Lebusa, akimwita mama kwa heshima. "Lakini anapita na nguo nyeusi katikati ya mifugo ya watu. Kondoo wakiharibikiwa, nani atajibu? Mimi?"

"Kondoo wako kila mwaka wanaharibikiwa, Ntate," Moselantja alimjibu. "Mwaka jana nilikuwa na mume, je, nani alijibu?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimponza. Lebusa hakupenda kuchekwa. Akatoa shauri kwamba aachwe aendelee, ila likija lalamiko moja tu la mgeni, moja, basi jina lake litolewe kwenye orodha. Tukapiga kura kwa mikono. Mkono wangu nao ulipanda.

Wiki ya tatu ya Septemba, miti ya pichi ikiwa imechanua kila boma, walifika wageni wawili Waholanzi. Bi Hanneke alikuwa na miaka sitini na tatu, mwalimu mstaafu wa kuogelea, mwenye magoti mabovu na kicheko cha kusikika mbali. Joost, mwanawe, alikuwa mrefu, mwenye simu mbili na saa inayoonyesha urefu wa mlima. Walitaka kuvuka pito la juu, njia inayopenya kati ya vilele, kwenda kwenye maporomoko ya maji upande wa pili. Ni safari ya siku tatu. Moselantja alipanda farasi wake jike, Khunoana, wageni wakapewa farasi wawili watulivu, na wa nne, Nala, akabebeshwa hema, chakula na jiko.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili, saa nne asubuhi, walifika kwenye kijito kilicho chini ya pito. Moselantja akasimamisha farasi.

Kondoo walikuwa wanashuka kutoka juu, mmoja nyuma ya mwingine kwa mstari, wala hakuna mchungaji aliyewafukuza. Upepo uliokuwa ukivuma tangu alfajiri ulikuwa umekatika ghafla. Khunoana alikuwa amegeuza makalio upande wa kusini na hataki kugeuka.

"Tunarudi," alisema Moselantja.

"Kwa nini?" Joost aliuliza. "Anga ni jeupe."

"Ndiyo maana. Theluji inakuja."

"Theluji? Ni majira ya kuchipua!" Akamnyooshea simu. "Tazama hapa. Jua leo, jua kesho."

"Hiyo simu haijawahi kulala huku, bwana."

"Joost," mama yake alisema taratibu, "kama anasema turudi..."

"Mama, umesubiri safari hii miaka sita! Keshokutwa tuna ndege." Akamgeukia Moselantja. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tulikubaliana utatufikisha kwenye maporomoko. Usipotufikisha, itabidi niwaandikie chama chenu."

Hakujua alichokisema. Angejua, nadhani asingesema, hakuwa mtu mbaya. Moselantja alitazama juu, akatazama wale kondoo, akamtazama Joost. Akawafikiria mabinti zake wawili.

"Basi twende haraka," akasema. "Na msisimame kupiga picha."

Baadaye aliniambia, "Watu wanasema theluji ndiyo iliyonipata. Theluji haikunipata. Nilipatikana pale kijitoni, na jua linawaka."

Walikuwa katikati ya mteremko wa kupandia pale chembe za kwanza ziliposhuka, kubwa na laini. Bi Hanneke alicheka, akatoa ulimi azionje. Baada ya nusu saa hakuna aliyekuwa anacheka. Upepo ulirudi kutoka kusini ukiwa na theluji kavu kama mchanga, ukawachapa usoni. Farasi waliinamisha vichwa. Moselantja alifikiria kugeuka tena, lakini nyuma yao njia ilikuwa imeshafunikwa, na mteremko ule wenye mawe ya kuteleza haushukiki kwa farasi bila kuona. Mbele, ng'ambo ya pito, kwenye bonde dogo kama bakuli, alijua kuna kibanda cha mchungaji mmoja anayeitwa Tlali. Ilikuwa karibu kwenda mbele kuliko kurudi. Akamfunga Nala kwa kamba kwenye tandiko lake, akawaambia wageni wafuate mkia wa aliye mbele na wasiongee.

Walivuka pito bila kujua kama wamelivuka. Yeye alijua tu kwa sababu Khunoana alianza kushuka. Hapo njia inagawanyika.

"Kushoto!" Joost alipiga kelele. Alikuwa ameshuka kwenye farasi, anaitazama simu ndani ya kiganja. "Ramani inasema kushoto!"

"Kulia!"

"Nakwambia inaonyesha njia!"

Akaanza kumvuta farasi wake kushoto. Moselantja alimrukia, akamchapa kiboko kwenye mkono ulioshika hatamu. Alimchapa kweli. Mkono ukaachia.

"Huko ni njia ya maji," alimwambia usoni, kwa sababu upepo ulikuwa unakula maneno. "Wakati wa mvua maji yanapita hapo, halafu yanaanguka mita mia. Unataka kwenda na maji? Panda farasi!"

Joost akapanda, na Moselantja naye. Hawakwenda hatua hamsini. Nala, aliyekuwa nyuma na mzigo wake, alikanyaga ukingo uliokuwa theluji tupu, chini yake hamna kitu. Miguu ya nyuma ikazama. Kamba ikakaza, Khunoana akaanza kuvutwa kinyumenyume, kwato zinakwaruza mwamba, na Moselantja juu yake. Alikuwa na kisu kiunoni. Alimtazama Nala, farasi aliyemlea tangu akiwa mtoto wa siku moja, akakata kamba.

Hawakusikia hata kishindo. Hema, chakula, jiko na farasi, vyote vilikwenda pamoja.  Tangu hapo Joost hakubisha tena habari ya njia.

Kilichomtia hofu Moselantja zaidi kilikuja baadaye. Bi Hanneke, aliyekuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana, aliacha kutetemeka. Akavua glavu moja, akaidondosha.

"Nasikia joto," alisema, akitabasamu. "Joost, fungua dirisha."

Mchungaji yeyote wa kwetu anajua kwamba mtu aliyepigwa na theluji akisema anasikia joto, baridi imekaribia kumuua. Moselantja alishuka. Alikuwa amejifunga blanketi la Rantsane, zito la sufu, ndilo kinga yake pekee ya maana. Akalivua, akamzungushia yule mama mara mbili, akamfunga kwenye tandiko kwa mkanda kama mzigo. Yeye akabaki na sweta na shali yake nyeusi ya thapo. Akashika hatamu, akatembea. Theluji ilimfika magotini, ikaingia kwenye buti, ikayeyuka, ikaganda. Alimsemesha yule mama njia nzima, akimuuliza majina ya watoto aliowafundisha kuogelea. Mwanzo alijibiwa majina, baadaye miguno.

Saa tisa alasiri walisikia mbwa.

Kibanda cha Tlali ni cha mawe, cha duara, kimeezekwa nyasi, na zizi liko ubavuni. Tlali mwenyewe alitoka amejifunika kofia ya sufu mpaka machoni, fimbo mkononi. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyekaa na kondoo muda mrefu mpaka akasahau namna ya kukaribisha watu.

"Nani?"

"Moselantja wa Ha Lepolesa, Ntate. Nina wageni wawili. Mmoja anakufa."

Tlali alisogea. Akamwona yule mama juu ya farasi, akamwona Joost mwenye barafu kwenye nyusi. Halafu akaiona shali nyeusi, akarudi hatua moja.

"Una thapo wewe."

"Ninayo."

"Wageni waingie. Wewe usisogee hapo. Nina kondoo thelathini wenye mimba, na mlango wangu na mlango wao ni kitu kimoja."

"Sikuomba kuingia, Ntate. Niliomba waingie wao."

Tlali alionekana kama mtu aliyejiandaa kugombana akakosa wa kugombana naye. Yeye na Joost wakambeba Bi Hanneke ndani, kwenye moto wa samadi kavu. Moselantja akawapeleka farasi nyuma ya ukuta wa zizi, kwa nje, akasimama katikati yao, mgongo kwa mmoja na tumbo kwa mwingine.

Punde Joost akatoka. "Kwa nini uko nje? Kwa sababu gani hakuruhusu? Nitaongea naye!"

"Huongei na mtu," Moselantja alimwambia. "Kibanda ni chake. Rudi ndani, umkumbatie mama yako. Usimsugue mikono, usimsogeze karibu sana na moto. Mkumbatie tu. Akiweza kumeza, mpe uji kidogo kidogo."

"Na wewe?"

"Mimi ni mkia wa mbwa. Nenda."

Hakuelewa, lakini alikwenda.

Tlali akatoka tena, safari hii mbiombio, akapita bila kumtazama. Alikuwa amekwenda kuhesabu kondoo zizini na akakuta zizi tupu. Theluji ilipoanza, kondoo wake walikuwa wamejibanza chini ya mwamba mkubwa, hatua mia kutoka hapo, na upepo ukawajazia theluji juu. Sasa chini ya mwamba ulikuwa tu mlima mweupe, laini, hakuna hata sikio. Tlali alianza kuchoma theluji kwa fimbo, huku na huku, akiwaita. Moselantja alimtazama. Alimtazama akichoma mahali pasipo na kitu, mara tano, mara kumi, na mwanga wa mchana unapungua.

"Ntate Tlali! Hapo hawapo!"

"Kaa huko!"

"Tafuta matundu! Pumzi yao inatoboa theluji, inaacha tundu la manjano. Njoo upande wangu huku!"

Tlali akasogea, akaliona la kwanza, akachimba kwa mikono kama mbwa. Kondoo mmoja akatoka, akatikisa kichwa. Alikuwa amebakiza ishirini na wengine, na giza linakaribia.

"Mikono yako ni miwili," Moselantja alimwita tena. "Mimi nina mingine miwili, inakaa bure."

Tlali alisimama. Theluji ilikuwa imemfika kiunoni. "Wakitupa mimba je?"

"Wakifa, Ntate, hawatatupa chochote."

 Aliniambia kwamba yule mtu alisema neno moja, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwambia daktari mahali panapomuuma.

"Njoo."

Walichimba pamoja. Moselantja alichimba kwa mfuniko wa sufuria, Tlali kwa kipande cha ubao, na Joost akaja naye kuwabeba waliolegea. Waliotoka hai walikuwa ishirini na sita. Wanne walikuwa wameshakufa. Kondoo wawili walianza kuzaa palepale zizini kwa mshtuko, wana wao wakatoka wamelowa, hawasimami, na Tlali akawapeleka ndani, akamtupia Bi Hanneke chini ya blanketi. Yule mama, ambaye rangi ilikuwa imeanza kumrudi, aliwakumbatia wana-kondoo wawili kifuani, na sijui ni nani alimpa mwenzake joto.

Giza lilipoingia, Tlali alisimama mlangoni na taa.

"Ingia, 'M'e."

"Thapo yangu haijavuliwa, Ntate."

"Nimeiona tangu alasiri. Ingia, nimechoka kukuona umesimama."

Akaingia. Tlali akampa uji wa mtama uliochachuka, wa moto, kwenye bakuli lake mwenyewe. Moselantja alipojaribu kuvua buti la kushoto halikutoka. Tlali alilikata kwa kisu cha kukatia manyoya. Vidole vilikuwa vyeupe kama nta, na havikuuma, na wote wawili walijua kwamba vingeuma ingekuwa afadhali.

Walikaa huko siku mbili mpaka jua likafungua njia. Hospitalini walimkata vidole vitatu.

Kikao cha chama kilifanyika mwanzoni mwa Oktoba. Joost alikuwa ameandika kweli kama alivyoahidi, kurasa mbili. Ntate Lebusa alitakiwa azisome, akazisoma kwa sauti. Lalamiko halikuwemo hata moja. Ilikuwa ni sifa tupu, jinsi alivyokata kamba, jinsi alivyotoa blanketi. Watu wakaanza kupiga makofi. Moselantja aliinuka na fimbo yake ya kutembelea.

"Barua hiyo imeacha kitu," alisema. "Pale kijitoni nilijua. Niliona kondoo wanashuka, niliona farasi amegeuka. Nikawapandisha watu wawili kwenye theluji huku naona kwa macho yangu. Mama wa watu alibakiza kidogo tu kufa. Nala amekufa. Kosa ni langu."

 Ntate Lebusa alikunja zile karatasi.

"Basi umejishtaki mwenyewe, 'M'e."

"Nimejishtaki. Lakini mnishtaki na mwenzangu. Kilichonipandisha ni ile sheria yenu ya lalamiko moja. Mgeni aliposema ataandika, sikuiona theluji tena. Niliwaona ninyi mmekaa hapa, mikono juu."

Sikuweza kuandika sentensi ile mara moja. Kalamu ilikuwa mkononi, nikaitazama.

Wakabishana mpaka saa saba. Mmoja akauliza habari za mimba za kondoo, na ikawa Tlali alikuwa ametuma salamu kwa mtu wa duka: kondoo wake wanaendelea kuzaa vizuri, mmoja tu ndiye ameharibu, "na huyo ni mjinga tangu zamani." Hata Lebusa alicheka. Mwisho tukapiga kura mbili. Ya kwanza, kwamba Moselantja asiongoze wageni mpaka avue thapo, kwa lile kosa alilolikiri. Ya pili, kwamba sheria ya lalamiko moja ifutwe, na kwamba mwongozaji akisema turudi, chama kitasimama naye, mgeni aandike asiandike. Kura ya pili ilipita kwa mkono mmoja. Sitasema ulikuwa wa nani, maana kila aliyenyoosha anaweza kudai ni wake.

Ukoo ulimvua thapo mwezi wa Novemba. Walichinja kondoo, wakamnyoa mjane nywele, wakamvika nguo ya buluu na blanketi jipya. Wiki iliyofuata alikuwa juu ya Khunoana.

Sasa chama kimemkabidhi vijana wa kuwafundisha, wavulana watano na msichana mmoja. Siku ya kwanza hawafundishi kutandika wala kufunga mzigo. Anawaketisha chini, anavua buti la kushoto na soksi, anawaacha watazame mguu kwa muda wanaotaka.

"Mgeni akitaka kulalamika," anawaambia, "alalamike akiwa hai."

Kisha anavaa buti lake, anawaambia waende wakalete hatamu.